Bima imekataa kulipa hasara ya maji nyumbani: jinsi ya kupinga uamuzi, hatua kwa hatua

Wateja wengi hushindwa kupinga uamuzi wa bima kwa sababu wanajibu hoja ambayo kampuni haikuitoa. Barua inasema bomba lilivuja kwa muda mrefu. Mteja anajibu kwamba amelipa ada miaka yote bila kukosa. Ni kweli amelipa, lakini jibu lake haligusi kilichoandikwa, na faili linafungwa. Kazi yako ya kwanza ni kujua ubishi uko wapi hasa, kisha uupelekee ushahidi unaouhusu.

Hatua ya 1: Zuia hasara isiongezeke, ila usitupe kitu

Karibu kila mkataba wa bima unamtaka mwenye nyumba apunguze hasara kadiri awezavyo. Funga koki kuu. Zima umeme wa sehemu iliyolowa. Kama huwezi kuifikia swichi bila kukanyaga maji, iache na umwite fundi umeme. Toa maji, inua mazulia, sogeza samani, washa feni. Kuvu inaweza kuanza kuota ndani ya saa 24 hadi 48 kwenye jipsamu na mbao zilizoachwa na unyevu, na kampuni inaweza kukataa kulipia kuvu kwa hoja kwamba ulichelewa. Kwa hiyo usimsubiri mkadiria hasara, yaani mtu anayetumwa na kampuni kukagua na kupima hasara, ndipo uanze kukausha. Kinachosubiri ukaguzi wake ni matengenezo ya kudumu: kuziba ukuta, kupaka rangi, kuweka sakafu mpya.

Ukishafunga koki na kuzima umeme, kabla ya kusogeza au kutoa chochote, piga picha na video. Anza na chumba kizima, kisha sogea karibu, na mwisho weka rula au tepu kando ya alama ya maji. Tunza risiti zote za kazi ya dharura, hata ya ndoo na mifuko.

Halafu kipande kilichopasuka. Fundi bomba akimaliza kazi huondoka nacho au hukitupa, na hapo umepoteza shahidi wako mkubwa. Mwombe akuachie kiungo, mpira au valvu iliyoharibika. Usikisugue wala kukiosha. Kiweke kwenye mfuko, andika tarehe, mahali kilipotolewa na jina la fundi. Mwombe fundi aandike mistari mitatu au minne: alikuta nini, kimevunjika vipi, na kwa maoni yake kwa nini. Kampuni ikitaka kukichukua, wasaini kwamba wamekipokea, na wewe ubaki na picha za pande zote. Hifadhi pia kipande kidogo cha kila kilichobomolewa: zulia, ubao wa sakafu, jipsamu.

Hatua ya 2: Pata uamuzi kwa maandishi

Uamuzi uliotolewa kwa simu huwezi kuupinga vizuri, kwa kuwa hakuna cha kunukuu. Omba kwa barua pepe vitu vinne: uamuzi wenye namba ya kifungu walichotumia, mkataba kamili pamoja na jedwali na nyongeza zake zote, ripoti ya mkadiria hasara, na picha na vipimo alivyochukua. Kuna kampuni zitakazosita kutoa ripoti. Omba tena, na uweke kumbukumbu kwamba uliomba.

Ukishapata barua, isome ukiwa na kalamu. Ubishi utakuwa kwenye moja au zaidi ya sehemu hizi:

- Kinga: wanasema tukio lenyewe halimo kwenye bima.
- Upeo wa kazi: wanakubali tukio, lakini wanalipia vyumba viwili wakati vilivyolowa ni vitatu.
- Bei: wanakubali kazi yote, ila kiasi walichoweka hakimlipi fundi yeyote.

Andika pembeni ya kila sentensi ya barua yao ni ya kundi gani. Ushahidi wa bei hausaidii kitu kwenye ubishi wa kinga, na watu hutumia wiki nzima kukusanya makadirio ya mafundi wakati kampuni bado haijakubali kwamba inadaiwa.

Hatua ya 3: Jibu hoja ya “uvujaji wa polepole”

Hii ndiyo sababu utakayokutana nayo zaidi. Bima ya nyumba kwa kawaida hulipia maji yaliyotoka ghafla na kwa bahati mbaya, na huacha nje uchakavu, kutu, kuoza na uvujaji wa muda mrefu. Mkadiria hasara hutafuta dalili: duara za madoa zilizopandana kama pete, mbao laini zinazobonyea, misumari yenye kutu nene, kuvu iliyokomaa siku moja tu baada ya tukio.

Tenganisha mambo mawili ambayo barua nyingi huyachanganya: bomba kuchakaa polepole, na maji kutoka polepole. Bomba linaweza kuliwa na kutu kwa miaka 15 bila kudondosha tone, kisha likapasuka usiku mmoja. Mikataba mingi hailipii bomba lenyewe, lakini hulipia uharibifu uliosababishwa na maji, na mara nyingi hata gharama ya kuvunja ukuta ili kulifikia bomba. Tafuta kwenye kifungu cha vighairi, yaani mambo ambayo bima hailipii, maneno yanayorudisha kinga kwa hasara itokanayo na tukio. Yakiwepo, yanukuu neno kwa neno.

Kisha thibitisha tarehe. Ushahidi wenye nguvu ni huu:

Bili za maji za miezi 12. Uvujaji wa muda mrefu kwenye bomba lenye shinikizo huonekana kama matumizi yanayopanda na kubaki juu. Kupasuka kwa ghafla huonekana kama mruko mmoja katika kipindi cha tukio. Kama mita yako hutoa rekodi za kila siku au kila saa, ziombe kwa mtoa huduma mapema kabla hazijafutwa. Zingatia kwamba bili haisemi lolote kuhusu bomba la maji machafu au paa, maana uvujaji wa huko hauongezi maji yanayopita kwenye mita.

Picha za zamani za chumba hicho, hata za sherehe au za tangazo la kupangisha, zinazoonyesha dari na kuta safi. Faili halisi la picha lina tarehe ndani yake. Nakala iliyopita kwenye programu za ujumbe mara nyingi huipoteza.

Kipande kilichovunjika. Ufa wenye uso safi na unaong’aa huashiria mpasuko wa karibuni. Chokaa iliyojijenga, rangi ya kijani kwenye shaba au kutu ndani ya ufa huashiria kwamba maji yalipita hapo kwa muda.

Dalili zikiwa kinyume na madai yako, usizifiche. Taarifa moja ya uongo inaweza kuua dai zima, pamoja na sehemu ambayo ulikuwa na haki nayo. Angalia badala yake kama mkataba una kifungu cha uvujaji uliojificha ndani ya ukuta au chini ya sakafu, pale ambapo mwenye nyumba hakuweza kuuona.

Kuhusu mzigo wa kuthibitisha: katika nchi nyingi mwenye bima ndiye anayeonyesha kwamba hasara imetokea ndani ya kinga, na kampuni ndiyo inayoonyesha kwamba kighairi kinahusika. Kifungu chenye utata huwa kinasomwa dhidi ya aliyekiandika. Hoja hizi zina uzito pale tu unapozifunga na kifungu chenye namba.

Hoja nyingine mbili za kinga hujitokeza mara kwa mara. Ya kwanza ni mafuriko: maji yaliyotoka kwenye mfumo wa nyumba na maji yaliyoingia kutoka nje juu ya ardhi ni matukio tofauti kimkataba, na maji machafu yanayorudi kupitia mtaro mara nyingi huhitaji nyongeza yake kwenye mkataba. Ya pili ni nyumba kukaa tupu kupita siku zilizotajwa, kwa kawaida 30 au 60. Kama ulikuwa safarini, tafuta tiketi na bili za umeme zinazoonyesha kwamba nyumba haikupitisha siku hizo.

Hatua ya 4: Pima unyevu

Ubishi wa upeo wa kazi humalizwa na namba. Kipima unyevu cha sindano mbili kinatosha kuanza. Pima kwanza mahali pakavu penye nyenzo ileile, chumba ambacho hakikuguswa na maji, upate kipimo cha kulinganishia. Kisha pima eneo lililolowa kila sentimita 30 kwenda pembeni na kwenda juu, ukiandika namba kwenye mchoro wa chumba. Piga picha ya skrini ya kifaa kikiwa ukutani. Rudia kila siku saa ileile.

Kwenye mbao namba ni asilimia, na ubao unaobaki juu ya 20 uko kwenye hatari ya kuvu na kuoza. Kwenye jipsamu na zege, kifaa kilichotengenezwa kwa mbao hutoa namba ya kulinganisha tu, kwa hiyo usiandike “ukuta una asilimia 40 ya maji”; andika “ukuta unasoma 40, ukuta mkavu unasoma 9”. Msumari, karatasi ya foili na chumvi ndani ya plasta hupandisha namba bila maji kuwepo. Mkadiria hasara anajua hilo na atakuuliza.

Jipsamu hunyonya maji kwenda juu, hivyo alama ya maji inayoonekana huwa chini ya unyevu wenyewe. Hapo ndipo makadirio ya kampuni hupungukiwa: wanalipia kukata kufuata alama, wakati vipimo vinaonyesha zaidi.

Aina ya maji nayo hubadilisha kazi. Maji safi ya bomba, maji yaliyotumika kama ya mashine ya kufulia, na maji ya choo au ya mtaro hayashughulikiwi sawa. Zulia na jipsamu vilivyolowa maji ya choo huondolewa, havikaushwi vikabaki. Maji safi yakituama siku kadhaa hushuka daraja.

Hatua ya 5: Kagua hesabu mstari kwa mstari

Omba makadirio mawili au matatu ya mafundi, yaliyochanganuliwa kwa vipimo na bei ya kila kipengele. Jumla moja isiyo na mchanganuo haiwezi kulinganishwa na chochote. Vinavyosahaulika: kuhamisha samani, kubomoa, kutupa uchafu, kukodi mashine za kukausha, kukagua nyaya, na kupaka rangi ukuta mzima badala ya kiraka.

Uchakavu uhesabu mwenyewe. Sakafu mpya ni 4,000, inadumu miaka 20, yako ina miaka 5: uchakavu ni 1,000 na thamani ya sasa ni 3,000. Toa ekses (kiasi cha kwanza cha hasara unachojilipia mwenyewe) ya 500, unabaki na 2,500. Kama mkataba ni wa kulipia kitu kipya, ile 1,000 hulipwa baada ya kukamilisha kazi na kuleta risiti, ndani ya muda uliowekwa. Wengi hawarudi kuidai.

Jihadhari na kanuni ya bima pungufu. Nyumba ya kujengwa upya kwa 80,000 iliyokatiwa bima ya 60,000 ina kinga ya robo tatu, hivyo hasara ya 8,000 italipwa 6,000 kabla ya ekses. Uliza 80,000 ilipatikanaje. Kinachotakiwa ni gharama ya kujenga upya. Kama wametumia bei ya soko yenye thamani ya kiwanja ndani yake, pinga, kwa sababu kiwanja hakiharibiwi na bomba.

Hatua ya 6: Andika barua ya kupinga

Ukurasa mmoja au miwili, viambatisho vikiwa na namba. Mfano:

“Napinga uamuzi wenu wa tarehe [ ] kuhusu dai namba [ ]. Mmetumia kifungu [ ] mkisema uvujaji ulikuwa wa muda mrefu. Kiambatisho 1, bili za maji, kinaonyesha matumizi ya kawaida hadi kipindi cha tukio. Kiambatisho 2 ni maelezo ya fundi kuhusu kiungo kilichopasuka. Kiungo kipo kwa ukaguzi wenu. Naomba dai lichunguzwe upya, kiasi kisichobishaniwa kilipwe sasa, na mnijibu kwa maandishi kufikia tarehe [ ].”

Usiandike hasira wala vitisho. Barua hii huenda ikasomwa baadaye na mtu wa tatu. Baada ya kila simu, tuma ujumbe mfupi wa kuthibitisha yaliyosemwa.

Hatua ya 7: Kabla ya kusaini hati ya malipo

Tafuta maneno “malipo kamili na ya mwisho”. Ukisaini, kwa kawaida mlango umefungwa, hata ukikuta jipsamu imeoza wiki ijayo. Pokea malipo ya awali kwa maandishi yanayosema ni sehemu tu ya dai.

Hatua ya 8: Wakishikilia msimamo

Anza na kitengo cha malalamiko cha kampuni, kisha msuluhishi wa migogoro ya bima au mamlaka ya usimamizi wa bima ya nchi yako. Wengi wao hawapokei lalamiko ambalo kampuni haijapewa nafasi ya kulijibu. Kama ubishi ni wa bei tu, angalia kifungu cha uthamini: kila upande huteua mthamini wake, na hao wawili huchagua mwamuzi. Kwa kiasi kikubwa, mkadiria hasara wa kujitegemea unayemwajiri wewe au wakili anastahili ada yake; uliza kwanza kama analipwa kwa asilimia, na ya nini.

Mkataba unaweza kuwa na muda wa mwisho wa kufungua kesi, wakati mwingine mwaka 1 tu tangu tukio au tangu kukataliwa. Mazungumzo na kampuni, hata yawe mazuri kiasi gani, kwa kawaida hayasimamishi muda huo. Itafute tarehe hiyo leo na uiandike kwenye jalada la faili lako.