Sakafu ya nyumba ya zamani inapotoka unyevu

Nyumba nyingi za zamani za Igogo na Mabatini, hapa Mwanza, zimeegemea mlima. Mvua ikinyesha, maji hayazami kwenye mwamba. Yanateremka juu yake mpaka yakutane na msingi wako. Ndiyo maana mteja akiniita nimwekee marumaru kwenye sakafu yenye unyevu, kwanza nazunguka nyuma ya nyumba. Marumaru juu ya unyevu ni kumvika mgonjwa suti.

Pima kwanza. Bandika kipande cha nailoni sakafuni, ziba kingo zote kwa selotepu, kiache siku mbili. Matone yakiwa upande wa chini, yanatoka ardhini. Yakiwa juu, ni hewa ya chumba tu: fungua madirisha, hela zako zipone.

Kisha chimba mtaro upande wa mlimani, wenye kina kuliko sakafu ya ndani, utoe maji pembeni. Ondoa udongo uliorundikana ukutani hadi nje iwe chini ya sakafu kwa sentimita 15. Zipo nyumba zinazopona kwa hilo tu.

Isipopona, vunja sakafu chumba kimoja kimoja. Usichimbe kupita kitako cha msingi. Ukikuta ni mfupi, heri uinue sakafu. Panga mawe sentimita 15, shindilia sawasawa, mwaga mchanga juu yake sentimita 5, maana mawe yetu ya kugongwa yana ncha.

Nailoni ya kutandika juu ya mchanga nunua nzito, unene wa geji 1000, si ile nyepesi ya kufunikia dagaa mvua ikija. Vipande vipishane sentimita 30. Ipande ukutani kupita unene wa zege, na hapo simama mwenyewe, kwa sababu vibarua hupenda kuikata mapema ili kazi ionekane safi. Zege moja-mbili-nne (saruji moja, mchanga mbili, kokoto nne), sentimita 10, mwagilia siku 7.

Kuta zisizo na kizuizi cha unyevu zitaendelea kunyonya. Ukizipiga lipu nzito ya saruji, maji yatapanda juu zaidi. Chini tumia lipu ya chokaa, ipumue.

Zege hukauka polepole, huenda miezi kadhaa. Zulia la plastiki usitandike kwa sasa. Mimi ningepiga niru tu, yaani saruji ya kulainisha uso wa sakafu, niachane na marumaru: niru ikipasuka unaona ufa, unaziba.