Jinsi ya Kuhakiki Ithibati ya Shahada ya Kompyuta

Ikiwa unaishi Kisumu au Nakuru na unajiandaa kumlipia mwanao karo ya shahada ya kompyuta, anza na Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2012, uhakikishe kwamba programu yenyewe, wala si chuo pekee, imeidhinishwa. Ithibati ya chama cha wataalamu ni jambo jingine: BCS, chama cha wataalamu wa kompyuta cha Uingereza, na ABET, shirika la Marekani la kutoa ithibati, hupima kozi mojamoja, hivyo Sayansi ya Kompyuta yaweza kuwa nayo huku Teknolojia ya Habari, inayofundishwa katika jengo lilo hilo, ikikosa. Linganisha jina la shahada neno kwa neno. Kijitabu cha matangazo hakitoshi hata kidogo. Mwombe msajili wa chuo akuonyeshe barua yenyewe ya ithibati, na usome tarehe zake.