Umepata kazi ya benki nje na una familia? Usisaini kwanza, soma hapa

Kwanza hongera, kupata ofa ya kazi ya fedha nje ya nchi sio jambo dogo, iwe ni benki, kampuni ya uwekezaji, bima au ukaguzi wa hesabu. Najua saa hii nyumbani mnashangilia na watu wa HR (idara ya waajiriwa) wanakuandikia kila siku wanataka usaini fasta. Ngoja kidogo. Kuna siku chache tu, kati ya wao kusema tunakutaka na wewe kuweka sahihi, ambapo una nguvu ya kuomba kitu, ukishasaini kila utakachoomba utaambiwa sera ya kampuni ndo ilivyo. Na shida ya ofa ni kwamba inaandikwa kwa jina la mtu mmoja wakati wanaohama ni wanne au watano. Sisi tulihama tukiwa wanne, na karibu kila kitu kilichotuumiza ni kitu ambacho ningekiuliza kwa imeili moja kabla ya kusaini kingeisha hapohapo. Kwa hiyo nakuandikia kwa mpangilio ambao ningeufuata mimi leo.

Anza na mke au mume wako, sio mshahara

Swali la kwanza kabisa kuuliza: visa atakayopewa mwenzangu inamruhusu kufanya kazi? Usikubali jibu la "kwa kawaida huwa hakuna shida". Nchi zinatofautiana sana. Hong Kong ukienda kwa visa ya ajira mwenzako akija kama mtegemezi anaweza kutafuta kazi bila kuomba kibali kingine. Ujerumani ukipata Blue Card (kibali cha kazi na ukaazi cha wataalamu) mwenzako anafanya kazi yoyote, na hata cheti cha Kijerumani haombwi ili apewe visa. Uingereza kwenye visa ya Skilled Worker (ya wafanyakazi wenye ujuzi) mwenza naye anaruhusiwa. Lakini Singapore, tangu Mei 2021 mtu mwenye Dependant's Pass (kibali cha mtegemezi) akitaka kuajiriwa inabidi apate kibali chake mwenyewe cha kazi, yaani mwajiri amwombee kama mgeni mwingine yeyote. Na Marekani ndo uangalie kwa makini zaidi, sababu kazi ileile moja inaweza kuja na visa mbili tofauti: ukihamishwa ndani ya kampuni kwa L-1, mwenzako anaruhusiwa kufanya kazi akishaingia, ila ukiajiriwa kwa H-1B, mwenzako mwenye H-4, visa ya mtegemezi, haruhusiwi mpaka wewe uwe umefika hatua fulani ya kuomba ukaazi wa kudumu, na hiyo inaweza kuchukua miaka.

Mke wangu aliacha kazi aliyoijenga miaka tisa kwa sababu mimi nilimwambia tukifika atapata nyingine. Tulifika ndo tukajua karatasi yake haimruhusu. Mtu aliyezoea kuamka na kwenda kazini kwake akakaa ndani mwaka na zaidi, kwenye mji asiomjua mtu, na mimi natoka asubuhi narudi usiku kwa sababu kazi hizi unazijua zilivyo. Hakunilaumu hata siku moja na hilo ndo linaniuma mpaka leo. Kwa hiyo kaeni wote wawili mezani, someni masharti ya visa yake kwenye tovuti ya uhamiaji ya nchi husika, sio kwa maneno ya mtu, halafu ndo mje kwenye hela. Kama hataruhusiwa kazi, huo mshahara wake mnaoupoteza utoe kwenye hesabu ya ofa yako, ni gharama halisi ya kuhama. Na kama kampuni inatoa msaada wa kumtafutia mwenza kazi au kumlipia masomo (nyingine kubwa zinatoa ila hazikwambii usipouliza), omba uandikwe.

Hesabu ya pesa

Namba iliyoko kwenye ofa haikusaidii mpaka uitoe kodi ya mapato, pango, shule na matibabu, ya watu wote, na sisi watu wa fedha tunaojua kupiga hesabu za wateja ndo tunakosea sana ya kwetu. Dubai watu wanaenda kwa sababu mshahara haukatwi kodi ya mapato, ni kweli, lakini mtoto wa mgeni karibu lazima asome shule ya kulipia, na ukiwa na watoto watatu ada inaweza kula hiyo kodi uliyodhani umeikwepa. Palepale angalia mgawanyo wa mshahara wa msingi na posho, kwa sababu kiinua mgongo cha sheria ya Emirates, nchi ambayo Dubai imo, kinapigwa kwenye mshahara wa msingi peke yake, mshahara wa siku 21 kwa kila mwaka kwa miaka 5 ya kwanza na wa siku 30 kwa kila mwaka baada ya hapo, kwa hiyo ofa mbili zenye jumla sawa zinaweza kukupa viinua mgongo vilivyo mbalimbali kabisa. Ukiwa ndani ya DIFC, eneo maalum la fedha la Dubai ambako benki nyingi za kigeni ziko, tangu 2020 mwajiri anachangia kila mwezi kwenye mfuko badala ya kiinua mgongo, nako hesabu inatoka kwenye mshahara wa msingi uleule.

Hong Kong kodi ni ndogo ila haikatwi kila mwezi kwenye mshahara, unaletewa bili baadaye, na ile bili ya kwanza inaunganisha kodi ya mwaka uliopita na malipo ya awali ya mwaka unaofuata. Anayekula mshahara wote akidhani ni wake anakutwa hana kitu. Weka pembeni tangu mwezi wa kwanza. Uingereza nako kuna tozo ya afya ya wahamiaji, inalipwa kwa kila mtu kwenye familia na kwa miaka yote ya visa kwa mkupuo, kabla hata hujapanda ndege. Waajiri wengine wanamlipia mfanyakazi tu, familia unabeba mwenyewe. Uliza "na familia?" kila mahali, hilo neno litakuokolea hela nyingi.

Halafu bonasi. Ukiondoka unapotoka katikati ya mwaka kuna bonasi unaiacha, na hisa za kampuni ulizoahidiwa ambazo muda wake wa kuwa zako haujafika zinapotea, omba mwajiri mpya akufidie na iandikwe italipwa lini na kwa sharti gani. Uliza pia bonasi mpya inalipwaje, maana kwa vyeo vya juu sehemu kubwa inaahirishwa kwa miaka kadhaa na kampuni inaweza kukudai uirudishe. Kwenye nchi za Umoja wa Ulaya kuna kikomo, bonasi ya wafanyakazi wa benki ambao maamuzi yao yanaweza kuiingiza kwenye hatari kubwa haitakiwi kuzidi mshahara wao, au mara 2 wenye hisa wakiridhia, wakati Uingereza walikiondoa kikomo hicho mwaka 2023. Ukilinganisha ofa ya Frankfurt na ya London kumbuka hilo.

Pesa ya kuhamia nayo isome vizuri. Mara nyingi inahesabika ni kipato kwa hiyo inakatwa kodi, omba kampuni ibebe na kodi yake. Na karibu kila mkataba una kifungu kwamba ukiacha kazi ndani ya mwaka 1 au 2 unarudisha. Sawa, ila hakikisha kinasema ukiacha mwenyewe, wakikupunguza wao usirudishe kitu.

Shule, hapa msifanye haraka

Kazi inakutaka tarehe fulani, shule nayo ina kalenda yake, na hizi mbili hazikutani zenyewe. Shule za serikali Singapore zinaanza Januari, na mtoto wa kigeni anapitia mtihani wa kuingia unaoitwa AEIS halafu hata akifaulu nafasi haina uhakika. England mwaka unaanza Septemba na nafasi mara nyingi inategemea umbali kutoka nyumbani hadi shuleni, sasa bila anwani ni vigumu kupata nafasi, na bila kujua shule hujui upange wapi. Ukifika katikati ya mwaka unapewa penye nafasi, na zile zinazosifiwa zimeshajaa. Hong Kong baadhi ya shule za kimataifa zinadai ununue hati ya dhamana (debenture) ya bei kubwa mbali na ada, kuna kampuni zinazo hati hizo kwa ajili ya wafanyakazi wao, kwa hiyo uliza.

Ninachokushauri, siku hiyohiyo ukipata ofa ya mdomo waandikie shule tatu au nne, usisubiri visa. Omba tarehe ya kuanza kazi iendane na muhula, waajiri wengi wanakubali kusogeza mwezi au miwili kuliko unavyodhani. Kama haiwezekani, wewe tangulia na familia imalize muhula kwanza, lakini iandikwe kwamba tiketi zao na mizigo yao italipwa hata wakija baadaye, maana kuna sera zinasema lazima msafiri pamoja. Mtoto aliye karibu na mitihani mikubwa ya mwisho msimhamishe kabisa kama kuna njia nyingine. Na mwenye mahitaji maalum ya kujifunza, shule ithibitishe kwa maandishi kwamba itamhudumia kabla hamjafunga hata sanduku moja, kuna shule za kulipia zinakataa, na kuna nchi sheria inawaruhusu.

Waambieni watoto mapema. Wetu mkubwa tulimwambia wiki tatu kabla tukidhani tunamlinda asiwaze, akakosa muda wa kuaga marafiki zake vizuri na ilimchukua muda mrefu kutuamini tena.

Karatasi

Vyeti vya ndoa, vya kuzaliwa, vya shule na vya taaluma vinatakiwa kuthibitishwa. Kama nchi zote mbili ziko kwenye Mkataba wa Apostille wa 1961, muhuri mmoja unatosha, kama moja haimo inabidi upite wizara ya mambo ya nje halafu ubalozi, na hapo wiki zinaenda. Angalieni majina, mke akiwa na jina tofauti kwenye pasi na kwenye cheti cha ndoa rekebisheni sasa. Mtoto ambaye mzazi mwingine hamuendi naye anahitaji idhini ya maandishi ya huyo mzazi au amri ya mahakama. Mtoto anayekaribia miaka 18, au 21 kwa Marekani, angalieni kama ataendelea kuhesabika mtegemezi. Wazazi wenu mara nyingi hawahesabiki, Skilled Worker ya Uingereza kwa mfano inachukua mwenza na watoto basi. Na mkija kuomba ukaazi wa kudumu Singapore mjue mtoto wa kiume anayepewa ukaazi kupitia mzazi ana wajibu wa jeshi.

Chukueni pia rekodi za chanjo, barua ya bima ya gari inayoonyesha miaka bila ajali, na taarifa za benki za miezi kadhaa. Vyote hivi kwenye begi la mkononi, visiende na kontena.

Mambo ya kazi za fedha peke yake

Utachunguzwa, na sio wewe peke yako. Madeni, kesi, kila mwajiri wa nyuma, Uingereza kwa kazi zinazosimamiwa na mamlaka za fedha wanaomba rejea za miaka 6 nyuma. Kama kuna kitu kwenye rekodi yako kiseme mwenyewe mapema, kukificha ndo kunaua ofa. Usitoe notisi unapofanya kazi mpaka uchunguzi umeisha na visa imetoka, nimeona mtu ameacha kazi kwa furaha halafu visa ikachelewa miezi mitano na nyumbani wana watoto.

Pia akaunti za hisa. Kampuni nyingi zitataka utangaze za kwako na za mwenzako, na kila mnachonunua au kuuza muombe ruhusa kwanza, hata kama mwenzako hana habari na kazi yako. Mwambie kabla hamjahama, na kama mna kitu cha kuuza uzeni sasa. Leseni nazo, vyeti kama CFA (cha uwekezaji) au ACCA (cha uhasibu) vinatambulika sehemu nyingi ila usajili wa kufanya kazi ni wa kila nchi, kuna mitihani ya huko na mwajiri ndo anakuingiza, muulize una muda gani wa kufaulu na ukifeli inakuwaje.

Nyumba

Msikodi kwa picha. Ombeni makazi ya muda siku 60, sio 30, siku 30 zinaisha kabla hata akaunti ya benki haijafunguka. Wenye nyumba wataangalia rekodi ya mikopo ambayo huna, kwa hiyo barua ya mwajiri ya kuthibitisha mshahara, au kampuni idhamini, inasaidia sana. Kwenye mkataba wa pango weka kifungu cha kutoka mapema ukihamishwa au ukipoteza kazi, Singapore kinajulikana kabisa kama diplomatic clause na mwenye nyumba hashangai ukikiomba.

Kodi ya unakotoka

Kuondoka hakukutoi kwenye kodi moja kwa moja. Siku 183 watu wanazitaja sana lakini ni kipimo kimoja tu, nyumba uliyoiacha na familia iliyobaki navyo vinahesabika, na ukiwa raia wa Marekani unaendelea kuwasilisha hesabu za kodi popote ulipo. Akaunti zako za nje zitaonekana, mabenki ya nchi zaidi ya 100 yanapeana taarifa kupitia utaratibu wa OECD, shirika la ushirikiano wa kiuchumi la nchi nyingi tajiri. Mlipe mshauri wa kodi kikao kimoja kabla ya kuondoka, na omba mwajiri alipie mwaka wa kwanza na wa mwisho pia.

Kazi ikiisha

Hii hakuna anayependa kuiongea wakati wa ofa, ila kazi za fedha zinapunguza watu kila soko likiyumba na visa yako ndo inashikilia ya wote. Kazi ikiisha, Marekani mwenye H-1B ana hadi siku 60 za kubaki nchini, Singapore kwa kawaida ni 30. Siku 30 za kutoa watoto shule, kuvunja pango, kuuza gari. Na Singapore mwajiri anatakiwa kuzuia malipo yako yote ya mwisho mpaka mamlaka ya kodi imalize hesabu zako, kwa hiyo mshahara wa mwisho ndo hutaushika siku unayouhitaji zaidi. Kaeni na akiba ya miezi sita inayofikika haraka, kwenye akaunti ambayo hata mwenzako anaweza kutoa. Halafu rudi kwenye mkataba kabla hujasaini, omba kifungu kwamba kazi ikiisha kwa uamuzi wao watalipia safari ya kurudi na mizigo, na ada ya shule mpaka mwisho wa muhula, na kwenye mstari wa tiketi usikubali waandike "mfanyakazi na familia", waandike idadi, na jina la kila mmoja.