Kumchora Mama na Mwanawe: Anza na Mkono

Wanafunzi ninaowafundisha hapa Lamu, ukiwaambia wachore mama na mtoto, hukimbilia nyuso. Macho yatatoka mazuri, lakini mtoto anaonekana kaning'inia hewani, hana uzito. Mimi huanza na mkono.

1. Omba ruhusa kabla hujatoa penseli. Kina mama wengi kwetu hawapendi sura zao zichorwe, na hiyo ni haki yao. Mchore ameinama, au kwa nyuma, mtoto yuko kwenye mbeleko. Picha haipungukiwi na kitu.

2. Itazame kwa makini picha iitwayo "The Child's Bath" (Mtoto Akiogeshwa) ya mchoraji Mary Cassatt, ya mwaka 1893, iliyoko katika jumba la makumbusho la Art Institute of Chicago, Marekani. Cassatt, Mmarekani aliyeishi Ufaransa, aliona maonyesho ya picha za kuchapwa za Kijapani mjini Paris mwaka 1890, na athari yake iko wazi humu: tunawatazama mama na mtoto kwa juu, na mistari ya gauni imejaa picha. Wote wawili wameinamia beseni, hakuna anayetuangalia. Mkono mmoja wa mama umemzunguka mtoto kiunoni, wa pili umeshika mguu majini. Mtoto naye kaegemeza kiganja kwenye paja la mamake. Kwangu mimi, mapenzi yote yako katika mikono hiyo.

3. Ukipata kipande cha tanga kuukuu la jahazi, ndicho kitambaa chako cha kuchorea: kifue chumvi yote itoke, kianike, kiwambe kwenye fremu, kipake rangi nyeupe mara mbili.

4. Sasa mkono. Vidole vya mama vinapomshika mtoto, nyama laini ya paja hubonyea na kuinuka kidogo kati ya kidole na kidole. Chora mbonyeo huo, kisha tia kivuli chembamba chini ya kila kidole. Usitumie nyeusi tupu, ngozi itakufa. Changanya kahawia nyekundu na buluu. Kaa hapa hata saa nzima, usione tabu.

5. Nyuso zipitie upesi.

6. Leso iwe mwisho. Usinyooshe pindo kama leso iliyoanikwa kambani. Lifuate linavyovutika chini ya makalio ya mtoto na kujikunja begani kwa mama. Jina la leso likimezwa nusu na mkunjo, liache vivyo hivyo.