Kinyama kwenye mlango wa kizazi: jipange hivi kabla ya kwenda kliniki

Matone ya damu ukiwa na mimba yanatisha, hasa yakitoka baada ya tendo la ndoa, tena bila maumivu. Wakati mwingine chanzo ni kinyama kidogo, yaani polipu, kinachoning'inia kwa kikonyo kwenye mlango wa kizazi. Ni laini, chekundu, kikiguswa kinavuja damu, na mara nyingi sana si saratani. Lakini usijipe jibu hilo ukiwa nyumbani. Mimba inayotaka kuharibika, au kondo la nyuma lililokaa chini na kuziba njia, huweza kuanza vivyo hivyo.

Kwa hiyo kabla ya kutoka, andika damu ilianza lini, ni nyekundu au ya kahawia, ilitoka baada ya nini, na umebadilisha pedi ngapi. Usijisafishe ndani wala kuweka dawa yoyote ukeni, hata ukiletewa na mtu unayemheshimu. Beba kadi ya kliniki, maana kundi lako la damu likiwa hasi huenda ukahitaji sindano ya anti-D, ile ya kuzuia mwili wako usitengeneze kinga ya kushambulia damu ya mtoto. Kama uliwahi kupimwa saratani ya mlango wa kizazi, sema.

Ukifika, kabla ya kupimwa kwa vidole, uliza kama altrasaundi imeshaonyesha kondo lilipo. Hili nalisisitiza: kidole kikigusa kondo lililoziba mlango, damu inaweza kumwagika kwa wingi. Kinyama chenyewe huonekana kwa spekulamu, kile kifaa cha kufungulia uke.

Jiandae pia kuambiwa kiachwe. Najua unatamani kitolewe leo leo. Ila wakati wa mimba mlango wa kizazi umejaa damu, na kukikata kunaweza kuleta damu nyingi au kuhatarisha mimba. Kikiwa kidogo na hakitiliwi shaka, kwa kawaida huachwa hadi kiangaliwe tena wiki 6 hivi baada ya kujifungua. Siku kitakapotolewa, hakikisha kimepelekwa maabara.

Mumeo naye ajue mapema, kwani mnaweza kushauriwa kupumzisha tendo la ndoa.

Tenga nauli ya usiku na mtu wa kukusindikiza. Damu ikilowesha pedi nzima ndani ya saa moja, maji yakitoka, tumbo likibana na kuachia, homa ikipanda au mtoto akipunguza kucheza, nenda hospitali saa hiyo hiyo.