Somo: watoto wa skuli kusaidia wazee wa shehia bila kumuaibisha mtu

Asalaam alaikum walimu wenzangu na wazazi. Wengi mumeniomba niandike tunavyofanya hapa Pemba ule mradi wa darasa la tano wa kusaidia wazee, nikawa naahidi tu kila siku, leo nimepata nafasi naandika yote mpaka makosa yetu. Kwangu mimi kubwa ni hili: mtoto atoe bila kutangazwa katoa nini, na mzee apokee bila kuona haya. Mengine yanapangika.

Kwanza nendeni mukaulize. Kabla ya kukusanya hata punje ya mchele. Mwalimu mkuu akisharidhia munakwenda kwa sheha, yeye ndiye anayejua nani anaishi peke yake, halafu munakwenda kwa mzee mwenyewe na watoto wawili watatu, sio darasa zima, munamuomba ruhusa na munamuuliza anachokosa ni nini. Mwaka wa mwanzo sisi hatukuuliza, tukapeleka mchele kila nyumba. Mwaka wa pili tukamuuliza bibi mmoja akatwambia mchele anao, wanawe wanamletea, yeye anachokosa ni ukindu, mikono bado inataka kusuka ila miguu haimfikishi tena huko kwenye kuukata. Basi watoto wakautafuta wenyewe, haukugharimu hata shilingi, wakauanika wakampelekea. Bibi akaushika, akaunusa, akatoa fungu moja akamrejeshea aliyelileta, akamwambia hili bado bichi, lirudishe juani siku mbili. Yule mtoto akalirudisha kweli, na siku ya tatu akaenda nalo mwenyewe bila kutumwa na mtu, na sasa hivi anasuka ukili.

Barua kwa wazazi. Fupi, na mstari wa mwanzo kabisa muandike kuwa si lazima. Musiweke kiwango. Ukishaandika kilo moja au elfu moja tu, ushamfungia mlango mtu.

Kukusanya. Hapa ndipo tulipokosea sana. Tulikuwa tunasoma majina asubuhi kwenye mstari, fulani kaleta sukari, fulani kaleta sabuni, tukidhani tunawatia moyo watoto. Kuna mmoja jina lake lilikuwa halisomwi. Siku ya tatu akaja na kiberiti, kimeshatumika nusu, kakifunga na uzi ili njiti zisimwagike, akanipa kwa kificho akaniambia mwalimu usinisome. Nikikumbuka mpaka leo naumia.

Tangu hapo hakuna jina linalosomwa wala kuandikwa. Tunaweka polo na kapu kubwa kwenye kona ya darasa, mtoto akiingia anatia alichonacho, hapana mtu anayesimama pale kuangalia. Asiye na kitu ana mikono, na kazi za mikono zipo nyingi na tunazihesabu sawa na mchele: kumtekea mzee maji, kumfagilia uwanja, kumsomea barua au meseji za simu yake.

Mwisho wa wiki watoto wenyewe wanapima. Mimi napenda wapime kwa kibaba, sio mizani, kwa sababu vibaba vinne ni pishi moja na hapo hapo somo la hesabu limeshaingia, mmoja anapima mmoja anaandika wa tatu anahakikisha. Ubaoni tunaandika jumla tu, pishi sita na vibaba viwili, sabuni vipande kumi na moja, basi.

Pesa kutoka kwa watoto hatupokei kabisa. Mzazi akitaka kutoa pesa aje mwenyewe, wahesabu watu wazima wawili, iandikwe kwenye daftari na apewe risiti siku ile ile. Pesa isilale mkobani kwa mwalimu hata kama ni muaminifu vipi.

Siku ya kupeleka. Vikundi vya watoto watano na mtu mzima mmoja. Kama ni Jumamosi muulizeni kwanza ustadh wa chuo cha Qur-ani maana watoto wengi wanakuwa chuoni. Vitu vitiwe kwenye vikapu, mifuko ya plastiki Zanzibar ilipigwa marufuku tangu 2006 na ni vizuri mtoto ajue hilo kwa kutenda. Hodi mara tatu, hamujajibiwa munarudi. Shikamoo kwanza kabla ya lolote, kaeni, zungumzeni, musikimbilie kuondoka.

Picha hatupigi. Mfadhili akitaka picha apige mapolo.

Maswali

*Mama wa Mkoani:* Bi mwalimu, mwanangu kaambiwa skuli alete elfu mbili za sadaka, asipoleta atasimama mbele. Ni sawa?

Si sawa dada yangu. Ikishakuwa lazima hiyo sio sadaka tena. Nenda ukaseme na mwalimu mkuu kwa utaratibu, mtoto asiwepo, na ikishindikana ipo kamati ya skuli. Usimwachie mwanao abebe jambo hilo peke yake.

*Kijana wa Unguja:* Sisi tunataka kuwapeleka watoto Welezo kwa wazee au Mazizini kwenye makao ya watoto. Tuanzie wapi?

Hayo ni makao ya serikali, na huku kwetu yapo ya wazee Limbani, Wete. Ombeni ruhusa kwa barua mapema, musitokee tu na gari. Chakula kilichopikwa musipeleke bila kuuliza, wazee wengine wana kisukari na presha. Na Mazizini pale ni watoto kama watoto wenu, pelekeni mpira wacheze pamoja, na wafundisheni wenu wasiwaite wenzao "mayatima" mbele yao.

*Mwalimu wa Konde:* Tupo karibu na pwani, tunaweza kupanda mikoko badala yake?

Munaweza, na mimi naipenda sana. Mwambieni sheha na watu wa misitu kwanza, wao ndio wanaojua wapi panafaa. Okoteni zile mbegu ndefu zilizoanguka zenyewe, munachomeka kama thuluthi yake kwenye tope, ncha chini, hatua moja baina ya mche na mche. Siku muichague kwa mwezi: bamvua, yale maji yanayojaa sana na kutoka sana, inakuja mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, na maji ya bamvua huku kwetu hukupwa sana mida ya saa nne mpaka saa tano asubuhi, kwa hiyo saa tatu muwe mushafika. Muwekeni mvuvi mmoja mtu mzima ayaangalie maji tu, asipande, na maji yakianza kurudi watoto wote wawe juu.

*Mwalimu wa Konde:* Ahsante bi mwalimu. Na viatu?

Raba za zamani zenye kamba. Ndara zinabaki kwenye tope, na peku kuna chaza wanakata.