Kabla ya kuchora tatuu: mambo ya kuzingatia kwa sisi wa Nyanda za Juu Kusini

Vijana wengi wa Mbeya na Iringa wanaotaka tatuu huanza na picha: simba, msalaba, jina la mama, mkuki na ngao ya Mkwawa, mtawala wa Wahehe. Mimi ningeomba uanze na swali jingine: nani atausoma mchoro huo? Ukishajua kama ni wako peke yako, ni wa watu wako wa karibu, au ni wa kila utakayepishana naye sokoni Mwanjelwa, sehemu ya kuuweka itakuwa karibu imejichagua yenyewe. Kumbukumbu ya mtoto aliyefariki, kwa mfano, haina haja ya kukaa shingoni, ambako konda na muuza nyanya watakuuliza habari zake hata siku ambayo huna nguvu ya kusimulia. Ikiwa mbavuni, au upande wa ndani wa mkono juu ya kiwiko, inabaki yako, nawe utamwonyesha umtakaye.

Na kama imetokana na msiba, ngoja kwanza. Tanga liishe, mwaka upite, na ukiwa bado unautaka mchoro uleule, basi una sababu ya kwenda. Jina la mzazi au la mtoto litabaki kuwa jina la mzazi au mtoto. La mpenzi ningekushauri uliache.

Anayetaka kubeba historia ahakikishe anaijua. Wahehe waliwashinda Wajerumani Lugalo mwezi Agosti 1891, Mkwawa akafariki Julai 1898, na fuvu lake likarudishwa Kalenga mwaka 1954. Kalenga si mbali na Iringa mjini. Nenda makumbusho ukaitazame ngao kwa macho yako kabla hujamkabidhi mchoraji picha uliyoiokota mtandaoni. Tarehe na majina yaandike kwenye karatasi, kisha mtu mwingine ayasome kwa sauti, herufi kwa herufi.

Kuna jambo linalowaumiza vijana wetu kwa sababu hawakuambiwa mapema. Matangazo ya kujiunga na Jeshi la Kujenga Taifa (JKT), jeshi na polisi hutaka mwombaji asiwe na michoro mwilini. Huko kuificha chini ya shati hakusaidii, kwa kuwa kuna upimaji wa afya. Kama bado una ndoto ya gwanda, tatuu isubiri. Kwa upande wa imani, wengine husoma Walawi 19:28 na kuona mlango umefungwa, na kwa Waislamu wanazuoni walio wengi huikataza. Zungumza na wazazi kabla, hata kama una umri wa kujiamulia. Ni afadhali walisikie kwako kuliko walione ibadani.

Sasa ngozi yenyewe. Wino hukaa kwenye tabaka la chini, ndiyo maana haubanduki na ngozi ya juu inayojivua kila mara. Wengi wetu wenye asili ya Afrika tuna uwezekano mkubwa zaidi wa kupata makovu yanayovimba na kukua kupita jeraha lenyewe. Chunguza kovu lako la chanjo ya kifua kikuu begani, chale ulizochanjwa utotoni, au tundu la sikio. Kama lolote kati ya hayo lilivimba hivyo, mwone daktari wa ngozi kwanza, na kifuani na mabegani usiguse, maana ndiko makovu hayo hupenda kuota. Kwenye ngozi nyeusi wino mweusi ndio unaodumu na kuonekana. Njano na rangi nyepesi hupotea. Herufi ndogo sana nazo zikwepe. Wino hutanuka kidogo kidogo kwa miaka, na matundu ya a na e huziba. Mwombe mchoraji akuonyeshe kazi zake zilizopona zamani, kwenye ngozi kama yako, badala ya picha za siku ileile.

Vidole na viganja hufifisha mchoro upesi. Tumbo hutanuka na ujauzito. Mbavuni huuma zaidi. Mkono wa chini hupigwa na jua kila siku, na Mbeya, iliyo mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, baridi isikudanganye: jua la milimani ni kali na hula rangi.

Kabla ya kuamua, chora kwa kalamu au hina mahali hapohapo, uishi na mchoro huo wiki kadhaa. Piko, ile rangi nyeusi inayopakwa kama hina, usiitumie: dawa iliyomo ni ya nywele, na huweza kuunguza ngozi na kuacha malengelenge.

Kwa mchoraji, hapa sina lugha ya upole. Sindano itoke kwenye pakiti iliyofungwa na ifunguliwe mbele yako, wino umiminwe kwenye kikombe kipya, na glavu ziwe mpya. Utafiti wa kitaifa wa 2022–2023 ulikuta maambukizi ya VVU kwa watu wazima kuwa asilimia 12.7 Njombe, 11.1 Iringa na 9.6 Mbeya, wakati wastani wa nchi ulikuwa 4.4. Homa ya ini aina ya B huambukiza kwa urahisi zaidi kuliko VVU, ila ina chanjo: dozi tatu ndani ya miezi sita. Anza nayo. Mchoraji akikasirika ukimuuliza kuhusu sindano, ondoka.

Angalia pia majira. Ngozi ya juu huchukua wiki mbili hadi nne kufunga, na katika muda huo hutakiwi kuwa shambani kwenye matope ya viazi wala kuogelea ziwani Matema. Juni na Julai sweta la sufu litakukwaruza mkono mchana kutwa, kwa hiyo andaa nguo laini ya pamba ya ndani. Na kama huwa unachangia damu, nenda kituo cha Damu Salama wiki chache kabla, kwa sababu baada ya tatuu huenda ukatakiwa kusubiri hadi mwaka mzima.